Kijiji cha Guluk-Guluk, Kisiwani Madura





Aghalabu wanapotajwa Waislamu wa nchi za mbali katika mikutano kama huu, hutajwa miji yao mikubwa, misikiti yao yenye kuba, na wafalme wao waliopita. Maneno ya leo si ya mji wala si ya mfalme. Ni ya kijiji kimoja cha wakulima, kilicho katika vilima vya kisiwa cha Madura, nchini Indonesia, na jina lake ni Guluk-Guluk. Yumkini wengi waliohudhuria hawajapata kulisikia jina hilo, wala si ajabu, maana hata huko Indonesia wako wasiolijua.

Lakini watu wa kijiji hicho si wageni sana kama masafa yanavyodhanisha. Madhehebu yao ni ya Imamu Shafi. Mtoto wao akimaliza kuhitimu juzuu, hutiwa katika Safinatun Najaa, kitabu kile kile anachotiwa mtoto wa Lamu, wa Mombasa, wa Unguja, na wa darasa nyingi za bara. Aliyekitunga, Sheikh Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami, naye alifia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, katika mwaka wa 1271 wa Hijra. Basi bahari moja ilikichukua kitabu kimoja pande zote mbili. Na kama vile wazee wa Kiswahili walivyoiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, Wamadura nao huandika hivyo lugha yao mpaka hivi leo katika vyuo vyao; mwalimu husoma Kiarabu, na mwanafunzi hupachika maana yake chini ya kila neno kwa herufi ndogo ndogo.

Madura kimelala pembeni mwa pwani ya kaskazini mashariki ya Java. Urefu wake ni kama kilomita 160, na mwahali mwingi upana wake haufiki 40. Watu wake kwa hesabu ya mwaka 2020 walikuwa kama milioni 4, nao wamegawanyika katika majimbo manne: Bangkalan, Sampang, Pamekasan na Sumenep. Kwa Waindonesia kinaitwa Kisiwa cha Chumvi, kwa ajili ya mashamba ya chumvi yaliyoko pwani yake ya kusini. Guluk-Guluk haiko pwani. Iko ndani ya jimbo la Sumenep, kama kilomita 30 magharibi ya mji wa jimbo hilo, na mtu akitoka bandari ndogo ya Prenduan akaelekea kaskazini kupanda vilima, hafiki mbali kabla ya kuiona.

Ardhi yake ni mawe ya chokaa, na udongo uliokaa juu yake ni mchache. Java, ng'ambo ya pili, kuna mabonde ya mpunga yenye mifereji, watu wavune mara mbili au tatu kwa mwaka. Madura hakuna hayo ila kidogo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hata Aprili, na maji yake hayakai. Huzama katika nyufa za mawe, yakaenda yalikojaaliwa. Kwa hiyo chakula cha asili cha watu hao ni mahindi, na mchele huchanganywa nayo kwa kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba.

Jinsi wanavyokaa inastahili kuelezwa. Hawajengi kwa mitaa. Jamaa moja hujenga katika uwanja mmoja mrefu, nyumba zimepangwa mstari upande wa kaskazini, milango yote ikielekea kusini. Jiko na zizi la ng'ombe vikaelekeana nazo upande wa pili. Na mwisho wa uwanja, upande wa magharibi, pana kijisikiti cha mbao au cha matofali. Magharibi, kwa sababu kule kibla ni magharibi, si kaskazini kama ilivyo Afrika ya Mashariki. Katika kijisikiti hicho ndipo wanaume wa uwanja husali, ndipo watoto husomeshwa Kurani baada ya Magharibi, na ndipo mgeni hupokewa, asije akapitiliza mbele ya milango ya wanawake.

Nyumba ya kwanza, iliyo karibu na kijisikiti, ni ya wazee. Binti wa kwanza akiolewa, hujengewa nyumba ubavuni mwa hiyo, upande wa mashariki. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Basi uwanja hurefuka kwa mabinti, na baba mwenye watoto wa kike wengi ana kazi kubwa ya kujenga! Wana msemo unaotaja watu wanne ambao mtu hulazimika kuwatii, kwa mpango wao: baba, mama, mwalimu, kisha mtawala. Mtawala amewekwa wa nne. Waliowatawala, Wadachi na waliokuja baada yao, walilijua hilo, na kila aliyetaka jambo lake lipite kijijini alianza kwa kumwendea sheikh, ambaye kwao huitwa kiai.

Sasa tuingie katika kazi yao. Wakati wa mvua hupandwa mahindi na kunde. Mvua zikisha, mwezi wa Mei na Juni, ardhi ile ile hupandwa tumbaku, na hapo ndipo roho ya kijiji ilipo. Mahindi huliwa, tumbaku ndiyo fedha. Kwa tumbaku huezekwa nyumba, hununuliwa ng'ombe, hulipwa ada ya mtoto chuoni, huozwa binti, na mwenye kujaaliwa hujiandikisha kwenda Hija.

Lakini ni zao la taabu. Mche huo hupandwa mvua zikiwa zimekatika, nao hauishi bila ya maji. Mkulima huamka alfajiri, akateka maji kisimani au bwawani, akayachukua kwa mzegazega, debe huku na debe huku, akamwagilia mche mmoja mmoja. Na jioni tena. Mke humwagilia, watoto humwagilia kabla ya kwenda shule. Kisima kikikauka katikati ya kiangazi, ama maji yatanunuliwa, ama shamba litaachwa life. Majani yakikomaa huchumwa, huvundikwa siku chache mpaka yageuke manjano, kisha hukatwa nyuzi nyuzi. Kukata huanza usiku wa manane, majirani wakisaidiana bila ya ujira, leo kwa huyu kesho kwa yule, ili jua likitoka tumbaku iwe tayari imetandazwa juu ya chanja za mianzi. Siku moja ya jua kali hutosha. Ikinyesha siku hiyo, rangi huharibika, na bei hushuka hata ikawa si bei. Mwaka 2010, na tena mwaka 2016, kiangazi hakikukauka kama ilivyozoeleka. Mvua ilinyesha katika miezi isiyo yake, na tumbaku nyingi ya Madura ikaharibika mashambani na juu ya chanja.

Hata jua likiwa zuri, mkulima hajui atapata nini. Tumbaku yake hufungwa robota kwa majamvi ya ukindu au ya majani ya mvumo, huja dalali akaichungulia, akainusa, akaisokota kidoleni, akataja bei. Dalali huipeleka kwa tajiri, tajiri huipeleka ghalani kwa wenye viwanda vya Java. Uzito wa jamvi hukatwa. Sampuli huchukuliwa wala hailipwi. Daraja ya tumbaku huamuliwa na pua ya mnunuzi, na mkulima hana pua ya kushindana nayo. Manung'uniko hayo ni ya zamani sana Madura, na serikali za majimbo zimetunga sheria juu ya sampuli na makato. Lakini mkulima aliyekwisha kukopa fedha ya mbolea, na robota zake ziko nje na mawingu yanakusanyika, atauza tu.

Tumbaku hiyo huenda katika sigara za Kiindonesia ziitwazo kretek, ambazo huchanganywa na karafuu. Hapa pana jambo linalowahusu Waswahili. Kwa miaka mingi karafuu iliyochanganywa na majani ya Madura ilitoka Unguja na Pemba. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa kabisa wa karafuu ya Zanzibar, mpaka katika miaka ya 1980 mashamba yake yenyewe yalipoitosheleza. Mnunuzi akaondoka, na wazee wa Pemba wanaikumbuka bei iliyofuata. Mkulima wa Guluk-Guluk hakujua habari hiyo, lakini hali yake ni ile ile: jani moja, na wanunuzi wachache.

Tena juu ya jani hilo pana suala la hukumu, ambalo mkutano kama huu hauwezi kulipita kana kwamba halipo. Baraza la Wanazuoni la Indonesia lilikutana Padang Panjang mwaka 2009. Likaamua kuwa kuvuta sigara ni haramu kwa watoto, kwa wanawake wenye mimba, na katika mahali pa hadhara. Na katika hali nyingine wanazuoni wakabaki na khitilafu, baina ya makruhu na haramu. Mwaka uliofuata jumuiya ya Muhammadiyah iliiharimisha moja kwa moja. Masheikh wa Nahdlatul Ulama, ambao ndio wenye kufuatwa Madura, hawakukubali kufika huko. Wengi wao wameshika makruhu.

Ni wepesi kwa mtu wa mbali kuwalaumu kwamba wamepima hukumu kwa mfuko. Huenda kwa baadhi yao ni kweli. Lakini anayesema iharimishwe kesho naye ana deni la kujibu: watu hao watakula nini keshokutwa? Udongo huo, katika miezi hiyo isiyo na mvua, haukubali mazao mengi yenye kuleta fedha kama hiyo. Na katika kijiji hicho wako waliobaki na wasiwasi wao. Kwa madhehebu ya Shafi, zaka ya mazao huwajibikia vyakula vikuu, tende na zabibu, na tumbaku haimo. Lakini wako wakulima wanaoitolea kwa hesabu ya mali ya biashara, kwa kuhofia kula fedha isiyosafishwa. Mtu anayefanya hivyo hajapuuza dini yake.

Sasa habari ya chuo, kwa kuwa bila ya chuo Guluk-Guluk isingekuwa na habari ya kutofautisha na vijiji mia vya jirani.

Madura ni nchi ya vyuo. Bangkalan aliishi Sheikh Muhammad Kholil, aliyefariki mwaka 1925, na katika wanafunzi wake alikuwamo Hasyim Asy'ari, ambaye mwaka 1926 aliiasisi Nahdlatul Ulama mjini Surabaya pamoja na wenziwe. Guluk-Guluk chuo chake kiliasisiwa mwaka 1887 na Kiai Muhammad Syarqawi. Hakuwa Mmadura, alizaliwa Kudus, katika Java ya Kati, akatembea kutafuta elimu mpaka Makka. Akafika Prenduan, akakaa huko miaka, kisha akapanda vilimani. Husimuliwa kuwa darasa yake ya kwanza ilikuwa zizi la farasi alilopewa na tajiri mmoja wa kijijini. Baadaye chuo kiliitwa An-Nuqayah, kwa jina la kitabu cha Imamu Suyuti kilichokusanya elimu kumi na nne. Wadachi waliporudi kwa silaha baada ya vita vikuu, Kiai Abdullah Sajjad, mmoja wa wana wa mwasisi, alikuwa katika wapiganaji, na mwaka 1947 Wadachi wakampiga risasi hapo hapo Guluk-Guluk. Leo chuo kina dahalia za wavulana na za wasichana, kina wanafunzi kwa maelfu, na masomo yake yanatoka alifu mpaka elimu ya juu.

Hayo ni mambo ya fahari, na vyuo vingine navyo vina ya kwao. Lililo kubwa zaidi ni la miaka ya 1970. Vilima vilivyokizunguka kijiji vilikuwa vitupu, miti imekatwa kwa kuni, na maji yalikuwa ya kutafutwa mbali. Masheikh wa An-Nuqayah hawakuona kuwa hayo ni mambo ya serikali peke yake. Darasa ya fiqhi huanza na mlango wa tohara, na mlango wa tohara huanza na maji: yapi yanafaa, yapi hayafai, kiasi gani. Vipi basi mwalimu asomeshe mlango huo, na mwanamke wa jirani anatembea na mtungi saa nzima? Wakawaongoza wanafunzi na wanakijiji kupanda miti. Wakasimamia kuleta maji safi katika vijiji vilivyokuwa havina. Watu waliokuwa wakimpinga ofisa wa kilimo walimfuata kiai, kwa sababu ile ile ya mpango wa watu wanne uliotajwa. Mwaka 1981 serikali ya Indonesia ikakipa chuo tuzo yake ya utunzaji wa mazingira, iitwayo Kalpataru.

Basi mtu atasema, kijiji chenye chuo na maji kimekwisha kufaulu. Haikuwa hivyo. Vijana wanaondoka.

Kuondoka si jambo geni kwa Wamadura. Tangu karne ya kumi na tisa walivuka kwenda Java ya Mashariki kufanya kazi katika mashamba makubwa ya wazungu, na hivi leo Wamadura walioko nje ya kisiwa ni wengi kuliko walioko ndani. Wengine walikwenda Kalimantan, na huko yakawafika ya kuwafika: mwaka 1999 huko Sambas, na mwaka 2001 huko Sampit, yalizuka mauaji baina yao na wenyeji, mamia wakafa, na zaidi ya watu laki moja wakakimbia. Wengi walirudishwa katika kisiwa walichokuwa hawakukiona tangu kuzaliwa. Wengine huenda Malaysia, na wengine Saudia. Na kwa wanawake wanaokwenda Saudia, kazi ni ya nyumbani, na Hija au Umra huwa ndiyo faraja yao.

Siku hizi njia kubwa ya watu wa Sumenep ni maduka. Kijana na mkewe huenda Jakarta, wakapewa duka dogo la vyakula, nao huuza kwa zamu, mmoja akilala mwingine akikaa, hata duka likawa halifungwi mchana wala usiku. Maduka hayo yamekuwa mashuhuri kwa jina la Madura. Fedha yake haingoji jua wala pua ya mnunuzi. Lakini duka ni chumba kimoja, na mtoto hana pa kukaa. Basi huachiwa bibi yake katika ule uwanja mrefu. Ziko nyumba mpya zenye vigae na nguzo, zilizojengwa kwa fedha ya Jakarta, na ndani yake hulala kikongwe na wajukuu wawili.

Daraja la Suramadu, linalokiunganisha kisiwa na mji wa Surabaya, lilifunguliwa Juni 2009. Urefu wake ni mita 5,438, na tangu Oktoba 2018 halitozwi ushuru. Ilitarajiwa kwamba kwa daraja hilo viwanda vitakuja Madura. Watu ndio waliokwenda upesi zaidi. Sampang ingali katika majimbo maskini kabisa ya Java ya Mashariki. Kwa hesabu ya serikali, karibu mtu mmoja katika kila watano ni fakiri. Na umaskini huo huwaharakisha wazazi kuwaoza mabinti wadogo. Sheria ya mwaka 2019 imepandisha umri wa msichana kutoka miaka 16 hadi 19, lakini hapana shaka sheria ya Jakarta huchelewa njiani.

Tena limezuka la vilima vyenyewe. Ndani ya mawe hayo ya chokaa imo fosfati, na katika miaka ya karibuni umekuwako mpango wa kufungua machimbo katika wilaya kadhaa za Sumenep. Wenye kuupenda husema ni kazi na ni fedha. Masheikh wengi wa jimbo hilo wameupinga, wakiwamo wa An-Nuqayah, na hoja yao si ya kuogopa mambo mapya. Mawe hayo ndiyo mtungi wa kijiji; mvua ya miezi sita huzama humo, na chemchemi za kiangazi hutoka humo. Ukiuvunja mtungi kwa ajili ya kuuza vigae vyake, utapata fedha mara moja. Wakulima wengine, waliochoka na tumbaku, wamekwisha kuuza ardhi. Hapa kiai hawezi kusema tu, maana mwenye shamba ana deni, na mnunuzi ana fedha mkononi. Vyuo vimelifanya suala la ardhi kuwa darasa: je, yafaa kuuza shamba kwa mtu ajulikanaye kuwa ataliharibu, na madhara yakamfika jirani? Vijana wa madhehebu ya Shafi wanafungua vitabu vya kale kutafuta jibu la machimbo, na hilo ni jambo la kufurahisha kwa kila aliyesoma vitabu hivyo.

Wamadura hawarudi nyumbani sana kwa Idi ya Kufungua Mwezi kama wenzao wa Java. Wao hurudi kwa Idi ya Kuchinja. Siku chache kabla yake, daraja hujaa magari na pikipiki zilizofungwa vikapu nyuma, na nyumba zilizokuwa na giza zikawashwa taa. Katika miaka hii Idi hiyo imeangukia Mei na Juni, wakati miche ya tumbaku inapotiwa ardhini. Basi mtu aliyetoka Jakarta huamka alfajiri ya pili ya Idi, akavaa shuka kuukuu, akachukua mzegazega wa baba yake, na watoto wake wakamfuata nyuma mpaka kisimani wakimtazama anavyoteka. Baada ya siku tano au sita hulitia gari mafuta na kurudi dukani. Shamba lililobaki humwagilia mzee na wajukuu.

Wabillahi taufiq.